Ndege ndogo ya wafanyabiashara na bomu la Ngong

KOBOKO. Kutoka Arua hadi hapa ni kilomita zipatazo 55 za lami, na mfanyabiashara akishafika mjini huwa na njia mbili za kuvuka: mbele ni Oraba na Sudan Kusini, kushoto ni Kongo. Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Idi Amin alikuwa Mkakwa, na ukoo wake ni wa huku Koboko. Kati ya mambo ya utawala wake yaliyoigusa biashara ya kuvuka mipaka, moja lilitokea ndani ya ndege ndogo ya injini mbili, Piper Aztec.

Ndege hiyo ilianzia Marekani. Kampuni ya Piper ilijulikana kwa vindege vya injini moja hadi iliponunua kampuni ya Stinson mwaka 1948, ikarithi na michoro yake. Humo ikatoka Apache, ndege ya kwanza ya Piper yenye injini mbili, iliyoruka mara ya kwanza Machi 1952. Mwanzoni injini zake zilikuwa na nguvu farasi 150 kila moja. Aztec ikafuata, ikiwa na injini za nguvu farasi 250 na baadaye viti sita. Haikuwa na mbio kama za jeti, lakini bawa lake nene liliinua mzigo vizuri na lilivumilia viwanja vifupi. Mwenye shamba, mwenye kiwanda au mwenye hoteli angeweza kufunga safari asubuhi na kurudi jioni.

Safari za namna hiyo zilikuwa na thamani mwaka 1978. Shirika la ndege la East African Airways lilikuwa limevunjika mwaka uliotangulia, pamoja na Jumuiya yenyewe. Kenya na Uganda hazikuaminiana: Februari 1976 Amin alidai sehemu za magharibi ya Kenya na za kusini mwa Sudan, na Julai mwaka huo makomando wa Israel waliotoka kuvamia Entebbe walijaza mafuta Nairobi. Hata hivyo bidhaa za Uganda ziliendelea kutegemea Mombasa, na watu wenye fedha waliendelea kwenda kuzungumza.

Mmoja wao alikuwa Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa Waziri wa Kilimo katika serikali ya Jomo Kenyatta, mtu aliyeendesha ndege za vita katika Vita Kuu ya Pili. Wengi wanaamini ndiye aliyesaidia kufungua mlango wa Nairobi kwa Waisraeli. Kama ni kweli, basi kurudi kwake Entebbe kulihitaji moyo, au kujiamini kupita kiasi.

Tarehe 24 Mei 1978 alimaliza shughuli zake na Amin, akapanda Aztec pamoja na wafanyabiashara wawili na rubani. Kwa maelezo yaliyoenea, walikabidhiwa zawadi: kichwa cha mnyama kilichokaushwa. Walipokaribia Nairobi, juu ya milima ya Ngong, bomu lililipuka. Wote wanne walikufa. Amin hakuwahi kufikishwa mahakamani kwa hilo.

Chini ya mwaka mmoja baadaye, Aprili 1979, Kampala ilianguka, na tarehe 3 Juni majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan. Bei ya utawala ule ililipwa na West Nile nzima, hata na watu ambao hawakupata kumwona Amin. Baada ya jeshi jipya kulipiza kisasi mwaka 1980 na 1981, maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Wengi walikaa huko miaka, wakajifunza masoko, sarafu na njia za upande wa pili, wakajuana na watu. Waliporudi walirudi na wateja. Biashara ya leo kati ya Arua, Ariwara na Kaya imejengwa kwa sehemu kubwa na mikono hiyo.

Piper iliacha kutengeneza Aztec mwanzoni mwa miaka ya 1980.