Je, Wajua? Senti 10 ya Tundu na Kiinimacho

Je, wajua kuwa senti 10 ya tundu, ile ya Afrika Mashariki iliyotumika Morogoro hadi miaka ya 1960, inakaribiana kwa upana na peni ya zamani ya Uingereza na nusu dola ya Marekani? Zote zina karibu milimita 31. Kwa kiinimacho cha mezani hiyo ni bahati kubwa: ya shaba kiganja hiki, ya fedha kile, mara zimebadilishana. Jicho halishtukii ukubwa, linafuata rangi tu.

Na lile tundu! Pitisha uzi wa katani, zao la mashamba ya Morogoro na Kilosa. Mtazamaji ashike ncha zote mbili. Funika kwa leso. Sarafu inatoka, uzi mzima.

Sarafu kuukuu ndiyo bora. Kingo zake zimelika, hivyo hazipigi kelele kiganjani. Mezani tandika kitambaa kizito cha rangi moja. Kanga inapendeza, ila maua yake humeza sarafu.

Sarafu ya Tanzania ya shilingi 500 ya mwaka 2014, yenye nyati kama wale wa Hifadhi ya Mikumi, ina kiinimacho chake yenyewe. Iinamishe mwangani: maandishi yaliyofichwa huonyesha 500, kisha BOT, yaani Benki Kuu ya Tanzania. Ndani ni chuma, kwa hiyo sumaku huinasa.

Ukicheza pale Soko la Chifu Kingalu mjini Morogoro, azima sarafu hiyo kwa mtazamaji. Mwache aikague kwanza. Kisha mrudishie ileile.