Tarakilishi Huhesabu Herufi, Haisomi Maandiko

Mwezi uliopita nilimtembelea mchungaji mmoja viungani mwa mji wa Kitale, nikamkuta ameinamia tarakilishi yake akitayarisha mahubiri. Katika kanisa lake wamo ndugu wawili, wa baba mmoja, ambao hawaamkiani tangu shamba la marehemu baba yao lilipogawanywa. Alitaka kujua Maandiko yasemavyo, akaiuliza programu ya kuchunguzia Biblia. Neno "msamaha" lilileta orodha fupi. Neno "haki" likaleta orodha ndefu ajabu. Akahitimisha kwamba mdogo anayedai ekari zake asihimizwe kusamehe kabla hajalipwa.

Yamkini mdogo huyo anastahili ekari zake. Hilo si langu kuamua. Lakini ushahidi ule, msomaji mpendwa, ulikuwa mbovu, na ubovu wenyewe ulikuwa wa kisarufi.

Programu ile hutafuta mfuatano wa herufi tu. Ukiiandikia "haki" itakuletea "hakika" na "hakimu" pia. Ukiiandikia "msamaha" haitakuletea "utusamehe", wala "masamaha", umbo walilolitumia wafasiri wa Biblia ya Muungano ya 1952 katika Waraka kwa Waefeso. Kiswahili hulivika neno viambishi mbele na nyuma; na neno hili, kwa kuwa asili yake ni Kiarabu, hubadili hata irabu zake za ndani. Isitoshe, neno la Kigiriki "aphesis", ambalo hupatikana mara 17 katika Agano Jipya, wafasiri hao hao walilitia "masamaha" huku, "ondoleo" kule, na katika Luka sura ya 4 wakalitia "kufunguliwa" kwa wafungwa. Nani angelijua hayo kwa kuhesabu "msamaha"?

Kweli, programu nyingi humfikisha msomaji kwenye Kigiriki kwa nambari za Mmarekani James Strong, aliyechapisha itifaki yake mwaka wa 1890. Nami huzitumia kila juma. Ila nambari hizo ziliambatanishwa na Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, hata mhubiri wa Kitale hulazimika kupitia Uingereza ili kurudi kwenye Kiswahili chake.

Kwa Lubukusu mambo ni magumu zaidi. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimetoka Bungoma kwa mjomba wangu, mzee asomaye kwa miwani na subira. Mti kwake ni "kumusaala", miti ni "kimisaala". Mtu ni "omuundu", watu ni "babaandu". Atafutaye umoja hauoni wingi, maana neno hubadilika tangu herufi zake za kwanza. Mjomba alicheka, akaniambia kwamba yeye huanza mwanzo wa sura.

Nilimsimulia mchungaji hayo. Tukaandika "sameh", kisha "samah", kisha "ondole", na orodha ikarefuka mbele ya macho yetu.

"Sasa, Daktari, zimelingana?" akauliza kwa mzaha.

Nikamwomba afungue Luka sura ya 15, habari za baba mwenye wana wawili na urithi uliogawanywa. Tulitafuta humo neno lolote la kusamehe. Kioo hakikuleta kitu. Akaizima programu, akachukua Biblia yake ya karatasi, akaisoma habari ile kwa sauti, polepole, hadi pale mwana mkubwa anapokataa kuingia nyumbani.