Kitulo: Bustani ya Mungu inayodai hatua za uangalifu

KILA mwaka, mvua zinaposhika kasi katika Nyanda za Juu Kusini, uwanda wa Kitulo hubadilika sura. Nyasi zilizonyaushwa na baridi ya kipupwe huchipua upya, na kati yake hujitokeza maua ya manjano, meupe, mekundu na ya zambarau, yamesongamana hadi upeo wa macho. Wenyeji huuita uwanda huo Bustani ya Mungu, nao wataalamu wa mimea wameupachika jina la Serengeti ya Maua.

Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, yenye eneo la kilomita za mraba 412.9, ilitangazwa rasmi mwaka 2005. Ilikuwa ya kwanza katika nchi za kitropiki za Afrika kuanzishwa kwa lengo kuu la kulinda mimea, na si wanyama. Wakati huo ilikuwa imekalia mpaka wa Mikoa ya Mbeya na Iringa. Tangu mwaka 2012, upande wa Makete umo katika Mkoa wa Njombe.

Kwa msafiri, safari huanzia katika barabara kuu iendayo Zambia. Anayetoka Iringa hupita Mafinga na misitu ya kupandwa ya Sao Hill, kisha Makambako, ndipo anateremkia Igawa, akiwa na mashamba ya mpunga ya Usangu mkono wa kulia. Anayetoka Mbeya hupita Uyole na Igurusi. Wote wawili hukutana Chimala, ambako barabara ya vumbi huacha lami na kupanda ukuta wa milima kuelekea Matamba. Barabara hiyo ni mashuhuri kwa jina la Hamsini na Saba, kutokana na idadi ya kona zake. Ipo pia njia nyingine kutoka Mbeya, ipitayo Isyonje.

Hapo ndipo linapojitokeza fumbo la kwanza la Kitulo. Maua huchanua kati ya Desemba na Aprili, miezi ile ile ambayo mvua hugeuza barabara za milimani kuwa tope. Asubiriye kiangazi ili apite kwa urahisi atakuta nyasi kavu, na usiku wa Juni hadi Agosti baridi huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri. Kwa hiyo wageni wanaofuata maua hujikuta wakifika katika msimu mmoja, wakati udongo ni laini kuliko wakati wowote.

Kwa nini maua yakajazana hapa? Uwanda uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600, na udongo wake umerutubishwa na majivu ya volkano. Mvua huwa nyingi, lakini baridi ni kali mno kwa miti mingi kustawi. Mimea iliyoyamudu mazingira hayo, ikiwa zaidi ya aina 350, mingi imejifunza kujificha. Msimu mbaya ukifika, majani hunyauka, na uhai hubaki chini ya ardhi katika viazi na vitunguu vidogo.

Miongoni mwake zimo aina 45 za okidi, na kiazi cha okidi ndicho kilichozua hatari. Nchini Zambia viazi hivyo hutwangwa, vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa hadi vigande na kukatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda. Mahitaji yalipokua, biashara hiyo ilivuka hadi Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa viazi vilivyosafirishwa kwa mwaka vilikuwa mamilioni. Tishio hilo lilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuanzishwa kwa hifadhi.

Uchimbaji huo si sawa na kuvuna mihogo. Kila mwaka okidi ya ardhini huwa na kiazi kikuukuu kinachoilisha na kingine kipya cha mwaka ujao. Mchimbaji huchukua kile kipya, na hapo mmea hauna tena cha kuchipukia. Mbegu nazo ni ndogo kama vumbi, wala haziwezi kuota bila msaada wa ukungu maalumu ulioko udongoni.

Kwa sababu hiyo, mgeni anayetembea Kitulo hana budi kufuata njia iliyokwisha kukanyagwa. Kundi linalotawanyika kutafuta picha nzuri hugandamiza udongo uliolowa, na kila mguu huweza kuangukia kiazi asichokiona mwenye mguu. Matembezi ya nusu siku uwandani humtosha mgeni wa kawaida. Mwenye mapafu na magoti imara aweza kushika njia ya siku nzima kupitia Milima ya Livingstone hadi Matema, kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, akiteremka zaidi ya mita 2,000. Katika misitu ya milima hiyo huishi kipunji, kima aliyetambulishwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005.

Aidha, kinacholindwa Kitulo si urembo pekee. Vijito vya uwanda huo hulisha Mto Ruaha Mkuu, ambao hupita Usangu na Hifadhi ya Ruaha kabla ya kufika mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Tangu miaka ya 1990, mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, kwa sababu ya matumizi makubwa ya maji huko Usangu. Nyasi na udongo wa Kitulo ni sifongo linalohifadhi mvua na kuiachia polepole.

Hivyo basi, anayepanga safari na aje na viatu vya tope, koti la mvua, gari lenye nguvu na mwongoza njia. Aondokapo na aondoke na picha, si ua wala kiazi. Ua likichumwa, limepotea la mwaka huu. Kiazi kikichimbwa, yamepotea ya miaka yote ijayo.