Adabu ya Mpanda Baiskeli Barabarani

Katika nchi yetu hapana mtu mwenye malezi aingiaye nyumba ya mwenziwe pasipo kupiga hodi. Ajapokuwa na haraka, husimama mlangoni akajulisha kwamba amefika. Lakini mtu huyu huyu akiisha kupanda baiskeli, mara nyingi huisahau desturi hiyo. Huja nyuma ya watu kimya, akawapita karibu kama upepo. Yafaa tukumbushane ya kuwa barabara nayo ni nyumba ya watu wengi, na hodi ya njiani huokoa maisha.

Tazameni mji wa Katoro, wilaya ya Geita. Barabara kuu itokayo Geita kwenda Chato yapita katikati yake. Lami ile moja hupitiwa na malori, mabasi, pikipiki, mikokoteni, wanawake wenye ndoo kichwani, watoto watokao shule, na baiskeli zilizopakiwa magunia ya mkaa. Mwenye baiskeli yu kati ya hao wote: kwa aendaye kwa miguu yeye ni mwenye nguvu, na mbele ya lori yeye ni dhaifu. Kwa hiyo wajibu wake ni mara mbili.

Kwanza, kwa waendao kwa miguu. Baiskeli haina ngurumo, wala mtu hana macho kisogoni. Piga kengele ungali mbali, kisha punguza mwendo. Ukiipiga umekwisha kufika mgongoni, mtu hushtuka akaruka, pengine mbele ya gurudumu lako. Mimi niandikaye haya niliwahi kupanda baiskeli isiyo na kengele, nikamwangusha mama mzee pamoja na ndoo yake ya maji. Hakunitukana, aliniuliza tu kwa nini nilimjia bila hodi. Neno hilo limenikaa moyoni kuliko matusi.

Pili, kwa waendeshao motokaa. Lori liendalo kilometa 80 kwa saa hupita mita 22 katika sekunde moja, wala haliwezi kusimama ghafula kwa ajili yako. Basi shika upande wa kushoto, nenda sawasawa bila kuyumba, wala msiendeshe wawili sambamba mkizungumza. Ukitaka kukata kulia, tazama nyuma kwanza, nyosha mkono wa kulia, ungoje nafasi. Magari yakiwa mengi, shuka uvuke kwa miguu. Usishike lori kwa nyuma ili likuvute.

Usiku hodi ni taa: taa nyeupe mbele, na nyuma kioo chekundu cha kurudisha mwanga. Kijana aliyevaa nguo nyeusi, naye amepakia mkaa, giza likiingia haonekani kwa dereva mpaka amekaribiwa mno. Asiye na taa na ashuke, aikokote baiskeli yake pembeni kabisa mwa barabara.

Tena baiskeli yenye mzigo huchelewa kusimama, na wakati wa mvua mipira ya breki huteleza juu ya rimu. Jaribu breki zote mbili kabla ya kutoka nyumbani, na mzigo ufungwe imara usitokeze sana kando.

Wengine nao wana sehemu yao. Dereva ampitaye mwenye baiskeli ampe nafasi ya kutosha, wala asimpigie honi sikioni. Aendaye kwa miguu, pasipo na njia yake, atembee upande wa kulia ili ayaone magari yamjiayo.

Twawasihi walimu wawafundishe watoto mambo haya uwanjani mwa shule, na wazee wa vijiji wayaseme mikutanoni. Kengele ni kitu kidogo, na kuipiga hakuchoshi kidole. Bali mtu aliyeangushwa njiani huenda asiinuke tena.