Kung'arisha Gari kwa Mashine: Mng'aro Upatikanao kwa Kupunguza

Watu wengi waonapo gari kuukuu likitoka kwa fundi huku liking'aa kama kioo, hudhani kuwa limepakwa kitu kilicholiongezea mng'aro. Dhana hiyo si sahihi. Mashine ya kung'arishia haiongezi kitu juu ya rangi, bali huipunguza. Kila ipitapo huchukua sehemu ndogo ya tabaka la juu, na sehemu hiyo hairudi tena. Kwa hiyo, mtu anayeanza kujifunza kazi hii hushika mkononi chombo kinachoweza kulirudishia gari sura yake, au kuliharibu kwa muda wa sekunde chache. Jambo la kwanza linalompasa kulijua ni kiasi cha rangi alicho nacho cha kupunguza.

Ngozi ya gari

Tangu miaka ya 1980, magari mengi yamekuwa yakipakwa viwandani matabaka kadhaa. Juu ya bati la chuma huwapo tabaka la kuzuia kutu, kisha tabaka la msingi, kisha rangi yenyewe, ambayo aghalabu haizidi sana mikroni 15. Juu ya yote huwapo tabaka angavu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Unene wake huwa takriban mikroni 40 hadi 50. Milimita 1 ina mikroni 1,000, na unywele wa binadamu huwa na unene wa mikroni 70 hivi. Ni dhahiri basi kwamba klia yote ni nyembamba kuliko unywele mmoja.

Hata hivyo, si klia yote inayoweza kutumiwa kwa kung'arisha. Ndani yake mna kemikali zinazofyonza miale ya urujuanimno itokayo katika jua, na hivyo kuikinga rangi iliyo chini. Klia ikipunguzwa mno, kinga hiyo hudhoofu. Baada ya muda, hasa katika nchi zenye jua kali kama zetu za ikweta, boneti na paa huanza kuwa na mabaka meupe yanayobambuka. Hali ikifikia hapo, hakuna dawa ya kung'arishia itakayosaidia. Hapana budi gari lipakwe rangi upya.

Sababu ya kufifia

Uso laini huakisi mwanga kwa utaratibu: pembe ya mtuo huwa sawa na pembe ya mwakisiko, na mtu hujiona humo kama katika kioo. Uso wenye mikwaruzo huutawanya mwanga huo kila upande, na rangi huonekana imefifia. Mkwaruzo hauhitaji kuwa mkubwa ili uonekane. Urefu wa wimbi la mwanga ni kati ya mikroni 0.4 na 0.7, kwa hiyo hata mfereji wenye kina cha mikroni 1 au 2 huweza kuutawanya mwanga huo.

Aghalabu mikwaruzo hiyo huletwa na vumbi. Mchanga una chembe nyingi za kwatsi, ambayo ugumu wake ni 7 katika kipimo cha Mohs, ilhali klia ni laini zaidi kwa mbali. Dereva afutapo gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu, huwa analikwaruza kwa mchanga wake mwenyewe.

Gari la namna hiyo likisimama juani, mikwaruzo huonekana kama duara nyingi zinazolizunguka jua linaloakisiwa katika rangi. Kwa kweli mikwaruzo hiyo imeelekea kila upande. Ni ile tu iliyokaa kwa pembe inayofaa ndiyo inayourudisha mwanga machoni, na mtazamaji akihama, duara nazo huhama. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa mfuniko wa sufuria uliosuguliwa kwa mchanga au kwa steeliwaya, akiuweka chini ya balbu moja.

Namna mashine ifanyavyo kazi

Dawa ya kung'arishia ina chembe ndogo ngumu, nyingi zikiwa za oksidi ya alumini, ambayo ugumu wake ni 9. Sifongo ya mashine huzisukuma chembe hizo juu ya klia, nazo hukwangua sehemu zilizoinuka mpaka uso wote ukaribie usawa wa chini ya mkwaruzo. Kwa hiyo mkwaruzo haufukiwi; ni ukingo wake unaoshushwa. Ndiyo maana mkwaruzo unaokwamisha ukucha haupaswi kufuatwa hadi mwisho, kwa kuwa kuufikia chini ni kuimaliza klia. Nta na mafuta huweza kuujaza kwa muda na kuuficha, lakini huonekana tena baada ya gari kuoshwa mara kadhaa.

Mashine zenyewe ni za aina mbili kuu. Ya kwanza huizungusha sifongo katika mhimili mmoja. Sifongo yenye kipenyo cha sentimita 15 ina mzingo wa sentimita 47 hivi. Ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, ukingo wake huenda takriban mita 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 40 kwa saa, huku katikati pakiwa karibu patulivu. Msuguano huo huleta joto, na mashine ikikawia mahali pamoja klia hulainika na kuungua. Bati la chuma hulisambaza joto kwa kiasi fulani, lakini bampa ya plastiki hupitisha joto vibaya, kwa hiyo huungua upesi zaidi.

Katika aina ya pili, sifongo hujizungusha yenyewe huku ikizunguka kando ya mhimili wa mashine, mithili ya dunia inayojizungusha huku ikilizunguka jua. Ikigandamizwa kupita kiasi, huacha kujizungusha. Kasoro hiyo ndiyo kinga ya mwanafunzi, kwani mashine hupunguza ukali wake kabla hajaleta hasara. Mstari wa kalamu ukichorwa kwenye kisahani kinachoishika sifongo, mtu ataona mara moja kama kinazunguka au kimesimama.

Hatua za anayeanza

Yafaa mwanafunzi aanze na mlango au boneti iliyotupwa, si gari la mtu. Huko anaweza kuitoboa klia kwa makusudi na kujua dalili zake. Akifika kwenye gari lenyewe, alioshe kwa maji mengi mpaka chembe zote za mchanga ziondoke, kisha alifanyie kazi kivulini, bati likiwa limepoa. Kingo na mikunjo ya bati afunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa sababu hapo rangi huwa nyembamba na mgandamizo wa sifongo hukusanyika.

Kisha achague sehemu ndogo ya majaribio, atumie sifongo laini na dawa isiyo kali, na kuongeza ukali endapo tu matokeo hayatoshi. Sehemu ya sentimita 50 kwa 50 yatosha kwa mara moja. Mkono uende polepole, kila mstari ukiingiliana na uliotangulia kwa nusu, kisha dawa ifutwe na uso utazamwe chini ya taa kabla ya kurudia.

Sifongo nayo ichunguzwe kila mara. Katika magari ya zamani yasiyo na klia, huchukua rangi ya gari, na hilo ni jambo la kawaida. Lakini katika gari lenye klia, rangi ikionekana kwenye sifongo ni dalili kwamba klia imekwisha mahali hapo, na kazi isimamishwe mara moja. Mafundi wenye uwezo hupima unene kwa kifaa kinachotumia usumaku kwenye bati la chuma. Lakini kifaa hicho huonyesha jumla ya matabaka yote, si klia peke yake. Hivyo hata mwenye kipimo hukisia, na busara ni kukisia kwa uangalifu.

Hatimaye, hesabu ya klia huanzia kwenye ndoo ya kuoshea gari. Anayeondoa vumbi kwa maji kabla ya kugusa rangi kwa kitambaa hupata mikwaruzo michache, naye ataihitaji mashine mara chache. Mikroni anayoiokoa leo ndiyo itakayolikinga gari lake na jua la miaka ijayo.