Kijaribuni Kisu cha Kukunja Kabla ya Kupanda Mti

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita mchumaji mmoja katika shamba la mwenzetu alikuwa juu ya mkarafuu, akikata kamba iliyonasa tawini. Kisu chake kilikuwa cha kukunja. Ncha ilikwama, akaizungusha ili aichomoe, na kisu kikajifunga juu ya vidole vyake. Alishuka kwa mkono mmoja, na Mungu alimsitiri hakuanguka. Vidole viwili vilishonwa. Mchumaji hulipwa kwa alichochuma, na yeye siku zilizobaki alizimaliza barazani.

Jambo hilo lilikuwa bado moyoni mwangu nilipokwenda Mwandiga, kaskazini ya mji wa Kigoma, kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Watu wa kule hupanda michikichi kukata mikungu, kama sisi tunavyopanda mikarafuu, basi habari za visu wanazijua. Sokoni niliokota kisu kipya kinachong'aa, nikatia mkono mfukoni kutoa fedha. Shemeji akanizuia: "Ngoja, shemeji. Hujakijaribu."

Alikifungua mpaka mwisho. Akaushika mpini ubavuni kwa ncha za vidole, pasiwe na kidole hata kimoja katika mfuo ambamo bapa hulala. Kisha akaweka mgongo wa bapa juu ya ukingo wa meza, akakandamiza polepole, akiongeza nguvu kidogo kidogo. Kisu kikakunjika mara moja. Muuzaji akacheka, akasema hicho ni cha kumenyea machungwa.

Cha pili kilistahimili. Shemeji akakitikisa huku na huku asikie kama kiungo kinacheza, akaugonga mgongo kidogo juu ya ubao, akakandamiza tena. Kugonga kwa nguvu hakufai. Huharibu hata kisu kizuri.

Chake mwenyewe kilikuwa Okapi, chenye mwezi na nyota mpinini. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na wakati ule Tanganyika ilikuwa mojawapo. Tangu 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Kisigino cha bapa kina meno, na chuma cha mgongoni huyashika. Ndiyo maana kikifunguliwa hulia ta-ta-ta. Kukifunga, huvuta pete ili kukiinua chuma kile. Wafaransa wa Opinel wao, tangu 1955, wametia bangili ya chuma shingoni mwa kisu, inayozungushwa ili kuzuia bapa. Njia ni mbalimbali, lakini jaribio ni lile lile.

Hata hivyo, kisu kilichofaulu leo chaweza kushindwa mwakani. Meno hulika, chuma cha mgongoni hulegea, utomvu na vumbi hujaa kiungoni, na hewa yetu ya chumvi huleta kutu. Kisafisheni, kikaushwe, kitiwe tone la mafuta, kisha kijaribiwe upya.

Tena fahamuni kwamba unapokata sawasawa, nguvu ya mkono hulisukuma bapa lizidi kufunguka. Hatari huja unapodunga, au ncha inapokwama nawe ukaizungusha, kwa kuwa hapo nguvu hugeuka na kulisukuma bapa lifunge. Kizuizi kimewekwa kwa ajili ya bahati mbaya. Hakikuwekwa ili mtu akiegemee. Basi magunia yasitobolewe kwa kisu cha kukunja, hata kiwe kizuri namna gani. Na juu ya mti, kwa maoni yangu, afadhali kisu kifupi kisichokunjwa, ndani ya ala, kimefungwa kiunoni kwa uzi. Najua wazee wengine watanibishia, kwa kuwa wamepanda miaka arubaini na Okapi mfukoni.

Wenye kuajiri wachumaji, siku mtakapoleta kamba zikaguliwe kabla ya msimu, leteni na visu vyao. Kipande cha ubao kipo mlangoni mwa ofisi.

Katibu