MADOA YENYE KUWASHA KILA SIKU: SI UCHAWI, SI DAMU CHAFU

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, sikilizeni.

Mtu anarudi kutoka kazini. Anavua mkanda na viatu: pale palipobanwa ngozi imevimba, inawasha kama amepita katika upupu. Kesho yake madoa yamekwisha. Jioni yanatokea mahali pengine. Hali hii ikirudi karibu kila siku kwa zaidi ya juma 6, waganga wanaiita urtikaria ya kudumu.

Inatoka wapi?

Ndani ya ngozi mna chembe zenye kutunza kitu kinachoitwa histamini. Zikiimwaga, maji hutoka katika mishipa midogo, na ngozi inavimba. Mara nyingi ni kinga ya mwili wenyewe inayoziamsha bila sababu. Joto, jasho na nguo za kubana zinaweza kuongeza taabu. Ugonjwa huu hauambukizi. Mama, usimtenge bwana yako wala mtoto wako.

Lakini doa likikaa siku nyingi mahali pamoja, ngozi ikikauka na kupasuka, huo ni ugonjwa mwingine. Pengine simenti au kobalti imegusa ngozi. Nalo ulionyeshe mganga.

Makosa matatu

1. Kukataza samaki, mayai na karanga nyumbani. Ni mara chache chakula kinaleta urtikaria ya kudumu. Watu wanakonda bure.

2. Kumeza aspirini au ibuprofeni ovyo. Kwa wagonjwa wengine zinazidisha madoa.

3. Kununua kortizoni sokoni na kuimeza miezi na miezi. Inaweza kuleta sukari, kupandisha presha na kudhoofisha mifupa.

Dawa ya kweli

Ziko dawa zenye kuzuia histamini, kama loratadini na setirizini. Zimezwe kila siku jinsi mganga alivyoandika, usingoje kuwashwa kwanza. Zikishindwa, mganga mwenyewe ataongeza kipimo, wewe usijiongezee.

Sasa angalisho kubwa. Dawa za zamani, kama prometazini na klorofenamini, zinaleta usingizi. Hata setirizini inawasinzisha watu wengine. Wewe unayeendesha lori au kreni, wewe unayeshika baruti, mwambie mganga kazi yako kabla hajaandika dawa. Ukisikia usingizi, usipande mashini: mwambie mkubwa wako wa kazi. Kidonge cha kutuliza ngozi kisije kikaua mwenzako.

Kimbia hospitali

Ulimi au koo likivimba, ukipumua kwa shida, ukisikia kizunguzungu cha kuanguka, usingoje asubuhi. Nenda saa ile ile, hata usiku.

Wagonjwa wengi wanapona baada ya miezi au miaka michache. Basi usikate tamaa. Andika siku madoa yanapotokea na ulichokuwa ukifanya, umpelekee mganga karatasi hiyo. Itamsaidia kuliko maneno mengi.